Mfano wa Ukurasa wa 212

9 Machi
Mvua ya kwanza. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ameweka ndoo chini ya tundu la paa, palepale pa mwaka jana. Daktari alikuja jana, akanisikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaanza kuzungumzia mvua. Nimeishi kwa kazi ya maneno miaka hamsini. Mtu akibadilisha mazungumzo, najua amekwisha kujibu.
Nitaandika humu kwa muda uliobaki. Nina jambo moja la kusema, na leo silisemi.

11 Machi
Miguu imevimba. Chai, mkate, dawa.

14 Machi
Amekuja Mhariri. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Sasa ndiye anayeongoza ofisi ya kamusi nilikostaafu. Alibeba mfuko wa plastiki wenye karatasi nzito.
"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuletea mzigo."
"Marahaba. Uweke hapo. Umenenepa."
"Ni koti la mvua, Mwalimu. Usinianze."
Ni toleo la tano la kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili. Anataka niisome tena kabla haijaenda kiwandani tarehe ishirini na mbili Mei. Utaratibu haujabadilika: ukurasa usio na dosari, msomaji huandika chini yake "Sina sahihisho", akatia herufi za jina lake. Safari hii wataweka picha yangu mbele ya kitabu. Nilimwambia picha zangu zote nimekunja uso. Akasema ndivyo watu wanavyonikumbuka.

18 Machi
Kurasa tisini. Macho yanauma.

22 Machi
Nimefika ukurasa wa 212.
Pana kitenzi cha Kiingereza pale, *deplore*. Wanafunzi hulichukua kuwa sawa na kulaumu tu, lakini si sawa. Lawama ina ngazi zake. Chini kabisa kuna kukanya, kama unavyomkanya mtoto. Juu yake kuna kukaripia, kukemea, kushutumu. Na juu kabisa kuna kulaani. Neno hili halikai sawasawa kwenye ngazi hiyo, kwa sababu ndani yake mna huzuni pia. Ni kama mtu anayetikisa kichwa mbele ya nyumba iliyoungua, naye anamjua aliyeiwasha. Tena Kiingereza kizuri hakilielekezi kwa jirani yako. Hulielekeza kwa alichokifanya.
Sisi tuliandika "shutumu, laani", huzuni tukaiacha nje. Hilo nimelisahihisha kwa penseli.
Chini ya maana kuna mfano. Nauandika hapa kwa Kiswahili: "Bodi inashutumu uzembe wa mpiga taipu wake, ulioangamiza kazi ya miezi kumi na minne."
Mfano huo sikuugusa kwa penseli, na ukurasa sikuutia herufi zangu. Nimeuweka chini ya mto.

29 Machi
Ndoo imejaa mara mbili kabla ya adhuhuri. Nimemaliza herufi E. 212 bado.

2 Aprili
Naandika sasa, maana kesho huenda mkono ukakataa.
Mkurugenzi wetu wa kwanza alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, kadi hazitoki nje ya chumba. Kila neno lilikuwa na kadi yake, tuliyoiandika kwa wino na kuipanga kwenye droo za mbao, na nakala nyingine hatukuwa nayo. Ya pili, mfano haubuniwi. Kila mfano sharti utoke kwenye maandishi ya kweli, barua, gazeti au hukumu, na kwenye pembe ya kadi uandike namba ya jalada na herufi za aliyeuleta. Alikuwa akisema kamusi yenye mifano ya kubuni ni shahidi anayejihoji mwenyewe.
Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili na sikuwa mtu wa kupenda kukosolewa. Palikuwa na kikao cha bodi, nami nilitaka kwenda nikiwa nimezisoma kadi zote za herufi S, ili nisikutwe sijui. Nikabeba droo tatu nyumbani. Nililala. Mvua ilinyesha, na paa langu la siku zile halikuwa bora kuliko hili la sasa. Nilipoamka wino ulikuwa umekuwa maji ya bluu.
Kadi elfu mbili na mia nne.
Nilizirudisha alfajiri, kabla mtu hajafika. Mahali pa droo hizo palikuwa chini ya dirisha, kando ya meza ya mpiga taipu. Tulimwita Bi Taratibu, kwa sababu hata bahasha alikuwa akiifunga kama anamfunga mtoto nepi. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minane hivi. Mkurugenzi alipofika alikuta kadi zimelowa na dirisha li wazi, akahitimisha kama wote walivyohitimisha, kwamba Bi Taratibu aliliacha wazi. Sikusema neno.
Barua ya kumkemea niliiandika mimi, maana Kiingereza changu ndicho kilichokuwa kizuri. Aliondoka siku ya nne.
Miezi sita baadaye, tukizihariri kadi kuanzia A, tulifika herufi D. Kadi ya neno lile haikuwa na mfano. Mkurugenzi akasema, "Si tunao kwenye jalada? Lete ile barua." Nikaileta. Nikanakili sentensi yangu mwenyewe, nikatia namba ya jalada na herufi zangu kwenye pembe.
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekwenda miaka arobaini na mmoja na matoleo manne.

5 Aprili
Mkwe wangu ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha mbele. Sare za shule wiki nzima. Cherehani yake ikienda mbio, ukutani hapa husikika kama taipureta. Nimemwomba apunguze mwendo.
"Baba, sare mia na ishirini. Nikipunguza, watoto watakwenda shule na blanketi."
Sikumweleza sababu.

10 Aprili
Nimeisoma tena tarehe mbili. Nimeandika kwamba mkurugenzi alikuta dirisha li wazi. Ni kweli, alilikuta wazi. Ila sikuandika lilivyofunguka.
Nililifungua mimi. Komeo la dirisha lile lilikuwa bovu, na Bi Taratibu alikuwa akilifunga kwa kipande cha utepe mkuukuu wa taipureta, mafundo mawili, kila jioni kabla ya kuondoka. Nilifungua mafundo mawili. Utepe nikautia mfukoni, nikautupa njiani baadaye. Vidole vyangu vilikuwa na wino mweusi mchana kutwa, na hakuna aliyeuliza, maana sote tulikuwa na wino.
Hata kwenye daftari ambalo halina msomaji nilijaribu kulipita jambo hili pembeni.

13 Aprili
Mvua. Nimelala kutwa.

16 Aprili
Mhariri amekuja kuchukua herufi A hadi G. Alizihesabu.
"Mwalimu, 212 haipo."
"Ninayo. Nataka mfano ule utolewe."
"Upi? Wa mpiga taipu?" Akacheka. "Mwalimu, huo ndio mfano maarufu kuliko yote. Walimu huuandika ubaoni. Kosa lake nini?"
"Si wa kweli."
"Una namba ya jalada. Nimeiona barua kwa macho yangu."
"Barua ni ya kweli. Inachokisema si kweli."
Alinitazama kama wanavyomtazama mzee aliyeanza kupoteza njia. Akaniambia kwa upole kwamba kanuni ni zilezile nilizomfundisha. Mfano hautoki mpaka uletwe mwingine, nao uwe wa maandishi ya kweli, umepokelewa ofisini na kupigwa muhuri. Na kama maandishi ya zamani yana uongo, atakayesema hivyo aseme kwa maandishi, atie na jina lake.
Nilimfundisha vizuri mno.

20 Aprili
Nimemuuliza mkwe wangu kama amewahi kusikia habari za mwanamke aliyekuwa akipiga taipu ofisi ya kamusi. Nilidhani atasema hapana.
"Si yule bibi wa duka la madaftari, kona ya stendi? Anayekufungia kalamu moja kwenye karatasi kama anamvisha bwana harusi?"
Ndiye. Dakika ishirini kwa miguu kutoka kitandani pangu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba alihama mji.

26 Aprili
Nimeandika mistari minne kumwomba aje. Mkwe wangu ameipeleka. Siku sita kwa mistari minne.

30 Aprili
Hajaja. Mvua.

3 Mei
Hajaja. Paa limepata tundu la pili, tumeweka sufuria. 212 bado.

6 Mei
Pumzi ilikatika jana jioni. Daktari amekuja mara mbili, na safari hii hakuzungumzia mvua. Mkwe wangu amempigia simu mume wake, mwanangu, anayefanya kazi mbali. Nilimsikia akisema, "Njoo tu, usiniulize maswali."
Hofu ya kufa sinayo kubwa. Nahofia tarehe ishirini na mbili. Kitabu kikishapigwa chapa kitakaa madarasani miaka kumi mingine, nami sitakuwapo wa kukikanusha.

12 Mei
Alikuja saa nne asubuhi, mvua ikiwa imepumzika. Alikunja mwavuli mlangoni, akaukung'uta mara tatu, akausimamisha kwenye pembe, akangoja aone kama utaanguka. Nilimtambua kwa hilo kabla ya uso.
"Hodi hapa."
"Karibu, mama, pita ndani," mkwe wangu akasema.
"Shikamoo, Bwana Msaidizi."
Cheo hicho sijaitwa tangu mkurugenzi afariki. "Marahaba. Keti, Bi Taratibu."
"Jina hilo bado unalo? Siku hizi naitwa Bibi Madaftari." Akaketi kwenye kiti cha mbali. "Barua yako niliipata tarehe ishirini na sita. Nimechelewa kwa sababu sikutaka kuja."
Nikamwambia mkwe wangu abaki. Nilitaka awepo mtu wa kunizuia nisirembeshe. Nikaeleza yote kwa mpangilio ule ule niliouandika humu: droo, paa, wino, alfajiri. Nilipofika kwenye dirisha nikasema, "Nililifungua mimi."
Hakulia wala hakuinuka. Aliuliza jambo moja.
"Utepe ulikuwa wapi?"
"Mfukoni mwangu."
"Mfukoni." Alilirudia neno kama anayehakikisha herufi zake. "Nilimwambia mkurugenzi, mzee, dirisha nililifunga kwa utepe, mafundo mawili. Akasema, nionyeshe huo utepe. Nikapiga magoti, nikautafuta chini ya meza, chini ya makabati. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na faili mkononi. Nakumbuka viatu vyako."
Nami nakumbuka mgongo wake.
"Sikuwahi kudhani ni wewe," akaendelea. "Nilidhani ni Mama Ufagio."
Mama Ufagio alikuwa mfagizi wetu, mwanamke mnene, mchekeshaji, aliyekuwa akitukemea sote kwa kutupa maganda ya penseli chini.
"Alikuwa na ufunguo," Bi Taratibu akasema. "Nikasema, huyu alilifungua apate hewa akifagia, akasahau, akaogopa kusema. Wewe pia ulikuwa na ufunguo. Lakini nani angemfikiria Bwana Msaidizi? Basi tulikaa mtaa mmoja na mama yule miaka kumi na tisa. Kila asubuhi ananisalimu, 'Umeamkaje, jirani?' Mimi nageuza uso. Akiingia dukani kwangu namwachia msaidizi amhudumie. Alipofiwa na mumewe sikwenda. Siku alipokufa yeye nilifunga duka, watu wasiseme, lakini msibani sikukanyaga. Alikufa hajui kosa lake nini."
Mkwe wangu aliweka kikombe mezani taratibu sana.
Miaka yote nilikuwa na mtu mmoja niliyemdhulumu. Nilimjua, nilijua kiasi cha dhuluma, na kwa namna fulani nilikuwa nimeizoea. Mama Ufagio hakuwahi kunipitia akilini hata mara moja.
"Nisamehe," nikasema.
"Ngoja. Usinikimbize. Mlinikimbiza mara moja, nikatoka na mfuko wangu siku ya nne." Akashusha pumzi. "La kwangu nitaliangalia. La Mama Ufagio sina uwezo nalo, wala wewe huna."
Mkwe wangu akasema, "Mama, kunywa chai. Nimeichemsha upya; ya huyu baba huwa inapoa, anaisahau huku akitafuta maneno."
Bi Taratibu karibu acheke. Alikitazama kikombe kwa muda, kisha akakichukua, akanywa.
"Kitabu chenu nakiuza, unajua?" akasema. "Kila mwanzo wa muhula. Mwanafunzi akija naifungua karatasi ya nailoni, nakagua kama kurasa zimetimia, ndiyo desturi ya duka langu. Kila nakala inapita 212. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafumba macho. Baadaye nikawa nasoma tu kama tangazo. Msichana mmoja aliniuliza, 'Bibi, huyu mpiga taipu alifanyaje?' Nikamwambia, 'Alisahau dirisha.' Ilikuwa rahisi kuliko kueleza."
"Nataka mfano utoke. Lakini kanuni…"
"Kanuni nazijua. Nilizipiga mimi, nakala tatu." Akatoa daftari kwenye mkoba, na kalamu. "Waandikie bodi. Barua ya kweli, na neno lenyewe liwemo ndani. Watakuwa na la kunakili."
"Mkono unatetemeka."
"Kwani zamani ulikuwa ukiandika wewe? Ulikuwa ukitaja, naandika mimi. Haya, taja."
Nikataja. Zilikuwa sentensi kumi na moja. Mara mbili alinisimamisha. Mara ya kwanza nilikuwa nimesema "kwa bahati mbaya dirisha lilibaki wazi". Akaniangalia juu ya miwani mpaka nikabadilisha. Mara ya pili nilisema "mfanyakazi mmoja", akauliza, "Yupi?" Nikalitaja jina lake kamili, lile ambalo hatukulitumia ofisini.
Alisema ataipiga nyumbani, taipureta bado anayo, na kesho ataileta nitie sahihi. Hakuniaga kwa neno la msamaha, nami sikuuliza mara ya pili. Alipopita dirishani mwangu alijaribu komeo kwa kidole. Lilikuwa limefungwa.

13 Mei
Ameileta. Hakuna herufi iliyofutwa. Nimetia sahihi. Ofisini ameipeleka mwenyewe. Alisema barua akipewa mtu mwingine huenda ikapitia mvuani.

14 Mei
Baada ya chakula mkwe wangu alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hajawahi kulifanya.
"Baba, na ile picha yako mbele ya kitabu?"
"Iondoke."
"Mwanao alikwisha kuwaambia wenzake kazini."
"Atawaambia tena."
"Nilikuwa nikikuogopa," akasema. "Unavyotukosoa tukisema. Hata mume wangu akiongea na wewe kwenye simu huwa ananyoosha mgongo." Kisha akarudi kwenye cherehani. Sikuweza kujua kama sasa ananiogopa kidogo zaidi au kidogo pungufu. Cherehani ilikwenda kwa mwendo wake wa kawaida.

16 Mei
Mwanangu amefika. Amesoma nakala ya barua, ameirudisha. Anaziba paa.

18 Mei
Mhariri amekuja, bila koti la mvua.
"Mwalimu, nilijifunza neno lile kwa mfano ule. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilimchukia yule mpiga taipu. Nilikuwa nikimwona na kucha ndefu, anatafuna kitu."
"Hakuwa na kucha ndefu."
"Nimemwona sasa." Akakunja mikono. "Bodi imeisoma barua yako. Wako waliosema mambo ya kale yaachwe. Mjumbe mmoja akasema, 'Mzee wa watu anakaribia kuondoka, kwa nini tumvue nguo?' Nikawajibu kwamba amejivua mwenyewe, sisi kazi yetu ni kuzikunja."
Sentensi hiyo ni nzuri. Nimemwambia hivyo. Akasema ataleta ukurasa mpya kabla ya kiwanda.

19 Mei
Sijaamka vizuri. Mvua ndogo.

21 Mei
Ukurasa umekuja. Nauandika hapa kabla sijalala.
Nilidhani watachukua sentensi kutoka kwenye barua yangu. Nilikuwa hata nimeichagua moyoni, ile ya tatu, yenye mizani nzuri. Mhariri akasema hapana. "Yako ina maneno thelathini na nne, Mwalimu, na nusu yake unajitetea bila kujua."
Kumbe ndani ya bahasha ya barua yangu Bi Taratibu alikuwa ametia karatasi yake mwenyewe, nusu ukurasa, kwa bodi. Aliomba mambo mawili: barua ile ya kumkemea itolewe kwenye jalada, na iandikwe mahali fulani kwamba Mama Ufagio hakuhusika. Bodi imekubali yote mawili. Mwishoni aliongeza sentensi moja kwa Kiingereza. Karatasi imepigwa muhuri, ina namba, kwa hiyo ni maandishi ya kweli.
Picha yangu imeondolewa. Mahali pake pamebaki peupe, maana hapakuwa na muda wa kupanga upya.
Ukurasa wa 212 sasa unasema hivi. Maana: "sikitikia na kushutumu (jambo)". Mfano wenyewe, kwa Kiswahili: "Nalisikitikia na kulishutumu alilolitenda, chai yake niliinywa."
Kwenye pembe ya kadi, herufi za aliyeuleta: B.T.
Nimeusoma mara tatu. Mwanangu alinishikia ubao wa kuandikia, mkwe wangu taa. Chini ya ukurasa nimeandika: Sina sahihisho.